Vyuo vidogo binafsi vya miaka miwili Marekani: soma namba kabla ya kulipa amana

Mhasibu wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam kwenu. Msimu wa barua za udahili umefika, na kuna aina moja ya chuo inayowachanganya sana wazazi, walio nyumbani na walio huku Marekani: chuo kidogo binafsi cha Marekani kinachotoa digrii ya miaka miwili, ile ya asosieti. Barua huja na kipeperushi kizuri chenye namba tatu kubwa: wanafunzi wangapi, msaada wa fedha kiasi gani, wametoka nchi ngapi. Namba hizo zinaweza kuwa za kweli kabisa na bado zikampeleka mtoto pabaya. Kila asilimia ina "kati ya wangapi" yake, na kwenye chuo cha watu mia tatu, hapo ndipo habari yote ilipo.

Tuanze na aina. Vyuo vingi vya miaka miwili Marekani ni vya umma, vyuo vya jamii. Wastani wa ada kwa mkazi wa eneo mwaka 2024/25 ulikuwa kama dola 4,050. Binafsi visivyo vya biashara vimebaki vichache, na vyenyewe havifanani. Deep Springs, California, kilianzishwa na L. L. Nunn mwaka 1917. Kina wanafunzi wasiofika 35, wote wanalipiwa ada, malazi na chakula, wanafanya kazi za shamba na mifugo kama saa 20 kwa wiki, na wanawake walianza kupokelewa 2018. Louisburg, North Carolina, ni cha Wamethodisti, cha bweni, chenye michezo mingi. Hesston, Kansas, ni cha Wamennonite tangu 1909. Donnelly, Kansas City upande wa Kansas, ni cha Wakatoliki, kilianza 1949. Arrupe, Chicago, kilifunguliwa 2015 ndani ya chuo kikuu cha Loyola kwa lengo la wahitimu wasio na madeni. Mwenye kusema "vyuo vidogo binafsi viko hivi" awe anajua anaweka hivi vyote kwenye kapu moja.

Na kuna mtego wa makundi. Chuo kikiongeza hata programu moja ya shahada ya miaka minne, takwimu za serikali hukihamishia kundi la vyuo vya miaka minne. Hesston na Donnelly wameongeza programu za aina hiyo. Ukitafuta kwa kuchuja "binafsi, miaka miwili" peke yake utavikosa vyuo ambavyo bado wanafunzi wake huchukua digrii ya asosieti. Chuja kwa aina ya digrii, si kwa kundi la chuo.

Zana ni mbili, zote ni tovuti za bure za serikali: College Navigator na College Scorecard. Zote hula kwenye hifadhidata ya IPEDS, ambako kila chuo kinachopokea fedha za shirikisho kwa wanafunzi wake ni lazima kiripoti. Tazama mwaka uliochapishwa kando ya kila jedwali. Data ya bei na ya wahitimu huwa nyuma kwa mwaka mmoja hadi miwili, na kwa chuo kidogo miaka miwili ni kizazi kizima cha wanafunzi.

Mhasibu wa Zamu

Naendelea na idadi ya wanafunzi, kwa mfano wa kutunga ili hesabu ionekane. Chuo kinasema kina wanafunzi 340. Fungua jedwali: wa muda wote 250, wa nusu muda 90. Njia ya kawaida ya kubadilisha ni kumhesabu wa nusu muda kama theluthi moja, kwa hiyo 250 na 30, sawa na 280. Hiyo 280 ndiyo inayolipa mishahara ya walimu, na ndiyo ya kutumia ukipima uwiano wa mwalimu kwa wanafunzi.

Kisha uliza hao 90 ni akina nani. Kwenye vyuo vingi vidogo sehemu kubwa ya nusu muda ni wanafunzi wa sekondari za jirani wanaochukua somo moja la chuo. Ni jambo zuri kwao, lakini hawalali bweni, hawali bwalo, na mtoto wako hatawaona. Chuo kinaweza kutangaza ongezeko la asilimia 10 huku mabweni yakipungua watu. Swali la kuandika kwenye barua pepe ni fupi: "Kati ya walioandikishwa msimu wa vuli, wangapi wanafuata digrii kwa muda wote, na wangapi ni wanafunzi wa sekondari?" Ofisi ya takwimu ya chuo ina jibu, kwa sababu hesabu ya siku rasmi ya vuli hufanywa kila mwaka.

Bi Ukwaju

Asante mkuu kwa uzi. Swali: vyuo hivi vingi vinaonyesha asilimia 25 hadi 35 ya wahitimu. Nyumbani chuo chenye ufaulu huo tungekikimbia. Tukisome vipi?

Krediti Sitini

Dada Ukwaju, namba hiyo si ufaulu wa mtihani. Inachukua kundi moja tu: walioanza chuo kwa mara ya kwanza maishani, wa muda wote, walioingia vuli ya mwaka fulani. Kisha inauliza wangapi walimaliza ndani ya asilimia 150 ya muda wa kawaida, yaani miaka mitatu kwa digrii ya miwili. Aliyehamia kutoka chuo kingine hayumo. Aliyeanza nusu muda hayumo.

Tatu za kuangalia pamoja:

Kiwango cha kumaliza. Kiwango cha kuhama kwenda chuo kingine kabla ya kumaliza, ambacho huandikwa pembeni yake. Na kiwango cha kurudi mwaka wa pili. Ukiona kumaliza asilimia 30 na kuhama asilimia 30, chuo hicho ni daraja la kwenda miaka minne, na huenda kinafanya kazi yake. Ukiona kumaliza 30, kuhama 8, na waliorudi mwaka wa pili 45, basi zaidi ya nusu wanaondoka bila karatasi, na wengine na deni.

Halafu udogo wa kundi. Kwenye mfano wa Mhasibu, tuseme waliohesabiwa ni 110 na waliomaliza ni 33, hiyo ni asilimia 30. Watatu zaidi wakimaliza inakuwa 32.7. Kwa chuo kama Deep Springs, kundi la watu 13 likipoteza mmoja, karibu asilimia 8 imeondoka. Kwa hiyo usisome mwaka mmoja. Soma miaka minne au mitano na utazame mwelekeo.

Sababu kubwa ya watu kutomaliza kwa muda haimo kwenye kipeperushi chochote. Digrii ya asosieti ni krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 60 hivi. Kisheria, krediti 12 kwa muhula zinatosha kukufanya wa muda wote kwa misaada na kwa viza. Lakini 12 mara mihula minne ni 48. Umebakiza 12, muhula mzima, na bei yake. Ratiba ya kumaliza miaka miwili ni krediti 15 kwa muhula. Mshauri akikuwekea 12 muhula wa kwanza "ili uzoee", mwulize hapo hapo zile 3 zitarudishwa lini, kiangazi au muhula upi, na kwa bei gani.

Pia masomo ya kujaziliza ya hesabu na Kiingereza: unayalipia, yanahesabiwa kwenye muda wote, lakini hayaingii kwenye zile 60. Mwombaji aliyesoma kwa Kiswahili au Kifaransa afanye jitihada kwenye mtihani wa kupangiwa madarasa. Wengi huufanya kama fomu ya kawaida, nao unaweza kuongeza muhula mzima.

Kipanga Mwekundu

Naongeza kitu kinachosahaulika kwenye idadi: michezo. Chuo kidogo binafsi cha bweni mara nyingi hujaza vitanda kwa timu. Kikosi cha futiboli ya Marekani peke yake kinaweza kuwa na vijana 80 au 90. Ongeza besiboli, soka, mieleka, mpira wa kikapu, na nusu ya wanafunzi wa muda wote ni wachezaji.

Hili linapimika. Wizara ya Elimu ya Marekani ina tovuti ya takwimu za michezo ya vyuo, inayoitwa EADA. Weka jina la chuo, chukua idadi ya wachezaji bila kurudia majina, gawa kwa wanafunzi wa muda wote. Ukipata 150 kwa 250, ni asilimia 60. Maana yake uwiano wa wavulana na wasichana, wa rangi na wa majimbo wanakotoka unapangwa na makocha kuliko ofisi ya udahili. Timu moja ikifutwa, chuo kinabadilika sura kwa mwaka mmoja. Na skolashipu ya mchezo husainiwa mwaka kwa mwaka: kijana akiumia goti, soma imeandikwa nini kuhusu mwaka wa pili.

Karani wa Ada

Nichukue gharama. Narudia onyo la Mhasibu: mfano ni wa kutunga, lakini mpangilio ni wa barua halisi.

Ada 19,500. Ada ndogondogo 1,100. Chumba na chakula 12,400. Vitabu 1,200. Usafiri 1,500. Matumizi binafsi 2,000. Jumla dola 37,700. Hii ndiyo "gharama ya kuhudhuria".

Upande wa pili barua inasema "Hongera, msaada wako ni dola 23,895". Ukiufungua: skolashipu ya chuo 9,000, Pell Grant (ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo) 7,395, mkopo wa shirikisho 5,500, kazi ya Work-Study 2,000.

Sasa kalamu. Msaada wa bure ni viwili vya kwanza tu, 16,395. Mkopo ni deni. Work-Study ni ruhusa ya kutafuta kazi ya chuoni hadi kiasi hicho. Unalipwa mshahara kwa saa ulizofanya, na haupunguzi bili ya Agosti hata senti. Kwa hiyo bei halisi ni 37,700 toa 16,395, yaani 21,305 kwa mwaka.

Bili ya chuo chenyewe ni ada, ada ndogondogo, chumba na chakula: 33,000. Toa 16,395, inabaki 16,605. Ukikubali mkopo wote, 11,105 (na kidogo zaidi, kwa sababu mkopo hukatwa ada ya kama asilimia 1 kabla haujafika). Gawa kwa mihula miwili: zaidi ya 5,550 kila muhula, taslimu, kabla hujanunua kitabu. Namba hiyo ndiyo iwe mezani pa familia.

Mahali panapoharibika:

Skolashipu ya mwaka wa kwanza tu. Tafuta maneno ya kuendelezwa na wastani wa alama unaotakiwa. Kama ni 3.0 kati ya 4.0 na mtoto akapata 2.8, elfu tisa zimeondoka.

Bima ya afya inayoongezwa yenyewe kwenye bili. Aliye na Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au bima ya mzazi anaweza kujaza fomu ya kuikataa, lakini ina tarehe ya mwisho. Ikipita, unalipa.

Mpango wa chakula wa lazima kwa anayelala bweni, na bweni la lazima kwa aliye chini ya umri fulani asiyeishi na wazazi karibu. Uliza umbali unaosamehewa ni maili ngapi.

Mkopo wa mzazi, Parent PLUS, kuandikwa kwenye barua kana kwamba ni msaada. Huo ni deni la mzazi mwenyewe. Mikopo ya mwanafunzi ina ukomo: kwa anayemtegemea mzazi, 5,500 mwaka wa kwanza na 6,500 mwaka wa pili. Kwa anayejitegemea, 9,500 na 10,500.

Kila chuo cha aina hii kinatakiwa kuwa na kikokotoo cha bei halisi kwenye tovuti yake tangu 2011. Kitumie, kisha linganisha na College Navigator, ambako bei halisi imegawanywa kwa ngazi za kipato: hadi 30,000, kisha 48,000, 75,000, 110,000 na zaidi. Soma mstari wa kipato chenu, achana na wastani wa jumla. Wakati mwingine mstari wa chini kabisa haupishani sana na wa juu, na hapo unajua chuo hicho hugawa punguzo kwa kila mtu badala ya kuwapa wahitaji.

Mlezi wa Kisauni

Karani, ubarikiwe. Kwa kijana anayeombea kutoka Kenya, hesabu hiyo inabadilika vipi?

Karani wa Ada

Inabadilika sana, ndugu. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hapati Pell, hapati mkopo wa shirikisho, hapati Work-Study. Kwenye mfano ule kinabaki 37,700 toa 9,000, yaani 28,700, pamoja na bima. Kwa kiwango cha karibu shilingi 129 za Kenya kwa dola, ni kama milioni 3.7 kwa mwaka mmoja. Chuo kitataka taarifa za benki zinazoonyesha fedha za mwaka wa kwanza kabla ya kutoa I-20 (hati ya chuo ya kuombea viza), na afisa wa ubalozi ataziuliza tena.

Mfuatano: I-20 kwanza, kisha ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni) dola 350, kisha ada ya maombi ya viza dola 185, kisha mahojiano. Hizo mbili hazirudishwi viza ikikataliwa. Amana ya chuo je? Hapo omba maandishi kabla ya kutuma: amana inarudi viza ikinyimwa, ndiyo au hapana. Vilevile masharti ya viza kwa baadhi ya nchi yalibadilika 2025. Burundi, kwa mfano, iliwekewa vikwazo Juni 2025 vinavyogusa viza za wanafunzi. Angalia hali ya nchi ya pasi kabla ya kulipa chochote.

Kazi: mwaka wa kwanza ni ndani ya chuo tu, zisizozidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Kwenye kampasi ya watu 300 nafasi za kazi ni chache, na nyingine zimetengewa Work-Study. Usiweke mshahara huo kwenye bajeti ya kulipia ada. Na somo la mtandaoni: kwa F-1, moja tu, krediti 3, ndilo linaloingia kwenye zile 12 za lazima. Chuo kidogo kikiwa na walimu wachache, somo la lazima linaweza kutolewa mtandaoni pekee muhula huo, na mwanafunzi akajikuta amepungukiwa. Tazama ratiba ya mihula miwili iliyopita ujue ni masomo mangapi yalifundishwa darasani.

Ziwa Tanganyika

Shikamooni wakubwa. Na sisi familia za Kikongo tuliofika kwa ukimbizi? Vyuo vingine hutuambia watoto wetu ni "wanafunzi wa kimataifa".

Mama Fomu

Marahaba. Hapana, na hili mlishike vizuri. Mwenye hadhi ya ukimbizi, aliyepewa hifadhi, au mwenye ukazi wa kudumu anastahili Pell na mikopo ya shirikisho sawa na raia. Ofisi ya udahili ikiona mahali pa kuzaliwa Uvira au Nyarugusu humtupa mtu kwenye fomu ya kimataifa. Andikeni kwa ofisi ya misaada ya fedha, si ya udahili, mkiambatisha nakala ya I-94 (rekodi ya kuingia Marekani) yenye muhuri wa ukimbizi au kadi ya ukazi.

Kwenye FAFSA, fomu ya kuombea misaada ya serikali, yanayokwama ni haya. Jina na tarehe ya kuzaliwa lazima vifanane herufi kwa herufi na karatasi za uhamiaji na za Social Security (hifadhi ya jamii). Watu wetu wengi wameandikiwa 1 Januari, na mpangilio wa majina matatu hubadilika kila ofisi. Ukijaza tarehe unayoijua wewe badala ya iliyo kwenye I-94, mfumo haukutambui. Namba ya A, ile ya uhamiaji, iandikwe kamili. Isipolingana, chuo kitaomba nyaraka: zipelekwe wiki hiyo hiyo.

Mzazi naye ni lazima afungue akaunti yake ya StudentAid.gov na kutoa ridhaa, hata kama hana namba ya Social Security. Bila ridhaa yake hakuna Pell. Fomu hutumia kodi ya miaka miwili nyuma: ya 2025/26 hutumia kodi ya 2023. Kama baba alikuwa kiwandani 2023 na sasa hana kazi, ombeni ofisi ya misaada ipitie upya kipato kwa mazingira maalumu, na mpeleke barua ya kuachishwa kazi. Wana mamlaka hayo kisheria.

Sasa jambo linaloumiza familia zetu zaidi. Kwa FAFSA, baba mdogo, mjomba, shangazi au bibi si mzazi, hata kama ndiye aliyemlea mtoto tangu kambini. Kipato chake hakiwekwi kama cha mzazi isipokuwa amemuasili kisheria. Mtoto ambaye wazazi wote wawili wamefariki, hata kama ni kabla hajatimiza miaka 13, au aliyekuwa chini ya mahakama au malezi ya serikali wakati wowote baada ya kutimiza miaka 13, au mwenye mlezi aliyewekwa na mahakama, huhesabiwa anajitegemea. Hapo Pell huwa kubwa na ukomo wa mkopo ni mwingine. Wengi hujaza kipato cha mjomba kwa nia njema na kupoteza maelfu.

Asiye na cheti cha sekondari kwa sababu kilibaki vitani, njia ni GED, cheti mbadala cha sekondari: mitihani minne, alama 145 kila mmoja. Mwenye diplome ya Congo, KCSE au cheti cha NECTA apeleke kwenye taasisi ya kutathmini ambayo chuo kimeitaja kwa jina. Usilipie tathmini kabla ya kuuliza ni ipi wanayoikubali.

Mzizima08

Kwa nini watu wajitese na hesabu hizi? Pell ya 7,395 inalipa chuo cha jamii chote na chenji inabaki. Nenda huko, hamia chuo kikuu, basi.

Krediti Sitini

Kaka, kwa aliye na nyumba ya kuishi karibu na chuo cha jamii, uko sahihi, na hata mimi ningeanza kumwonyesha huko. Lakini Pell inayobaki inakwenda kwenye gari, petroli na chakula. Mji usio na basi la uhakika, anayetoka darasani saa tatu usiku hafiki mbali. Chuo kidogo cha bweni chenye darasa la watu 15 na mshauri mmoja anayemjua mwanafunzi kwa jina kinaweza kumfaa anayejenga Kiingereza. Kinachoamua ni ile namba ya Karani: kama pengo la taslimu halizidi kile ambacho familia italipa bila mkopo wa mzazi, kijadilini. Kama lipo la elfu kumi na moja, chuo cha jamii kinashinda bila mjadala.

Pell nayo ina ukomo wa maisha, sawa na mihula 12 ya muda wote. Miaka miwili hapa inakula mihula minne. Ukiongeza muhula wa kujaziliza na wa kurudia, unaingia chuo kikuu ukiwa umekula sita, na shahada bado.

Bi Ukwaju

Turudi kwenye mchanganyiko. Vipeperushi vinasema "asilimia 50 ni wa rangi mbalimbali" na bendera zimejaa ukumbini.

Mhasibu wa Zamu

Ripoti ya serikali ina makundi yake: Mhispania (mwenye asili ya Amerika ya Kilatini au Hispania), Mweusi, Mweupe, Mwasia, wa asili ya Marekani, wa visiwa vya Pasifiki, wa asili mbili au zaidi, asiyejulikana, na peke yake kabisa, mgeni wa viza. Aliyejaza kuwa Mhispania huhesabiwa huko tu, hata akiwa Mweusi. Mkenya wa F-1 hahesabiwi Mweusi: yumo kwenye fungu la wageni wa viza. Mkongomani mwenye hadhi ya ukimbizi huhesabiwa Mweusi. Mswahili wa Muscat mwenye ukazi wa kudumu, akijaza asili ya Mashariki ya Kati kwa maelezo ya fomu iliyozoeleka, huangukia Mweupe. Watu watatu wanaoongea Kiswahili meza moja, mafungu matatu. Kwa hiyo asilimia ya Weusi haikwambii kama mtoto wako atapata wenzake, wala ya wageni haikwambii wangapi ni Waafrika.

Tazama fungu la wasiojulikana. Likiwa 2, sawa. Likiwa 15, chuo hakikusanyi vizuri, na asilimia nyingine zote zimeyumba.

Asilimia pia zigeuzwe vichwa. Wageni asilimia 9 ya 340 ni watu 30 hivi. Wakiwa 24 kati yao ni wachezaji soka kutoka nchi mbili, binti anayekuja kusomea uuguzi anaingia kwenye kundi la watu sita. Uliza bendera zile zinahesabu pasi za walioko sasa au za wote waliowahi kupita.

Mchanganyiko wa kipato ni muhimu vilevile, na unapimwa kwa asilimia ya wanaopata Pell. Kisha linganisha wanaomaliza kwa makundi: College Navigator inaonyesha kiwango cha kumaliza kwa rangi, na IPEDS ina cha waliopata Pell. Chuo chenye Weusi asilimia 40 ambacho Weusi wake wanamaliza nusu ya kiwango cha Weupe kinajua kuwaleta, hakijajua kuwafikisha. Hapo ndipo pa kumbana afisa udahili, kwa heshima lakini bila kumwachia.

Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa Juni 2023 ulizuia rangi kutumika katika kuchagua waombaji. Vyuo hivi, ambavyo vingi hupokea karibu kila mwenye sifa, havikuguswa sana mlangoni. Walioguswa ni baadhi ya wafadhili wa skolashipu za kundi moja, wakabadilisha masharti. Ukisikia skolashipu ya zamani, thibitisha ipo na inamlenga nani sasa.

Mama Fomu

Kabla hatujafunga, hesabu ya anayeondoka katikati, maana hapo madeni mengi huzaliwa. Muhula wa siku 105. Mwanafunzi ana Pell 3,697.50 na mkopo 2,750, jumla 6,447.50. Akiondoka siku ya 42, amevuna asilimia 40. Asilimia 60, yaani 3,868.50, zinarudi serikalini. Chuo hurudisha mkopo wote kwanza, kisha 1,118.50 ya Pell. Lakini chuo chenyewe kina sera yake ya kurudisha ada, na baada ya wiki nne au tano mara nyingi hakirudishi kitu. Kwa hiyo bili iliyokuwa imelipwa inafunguka upya na mwanafunzi anadaiwa 3,868.50 na chuo, bila krediti hata moja. Akivuka asilimia 60, hapa ni kuanzia siku ya 64, msaada wote ni wake. Mwenye msiba au ugonjwa asikimbie tu: aende ofisi ya misaada aulize siku ya 60% ni tarehe ngapi, kisha aombe masomo yaachwe wazi amalizie baadaye.

Kipanga Mwekundu

Na uhai wa chuo chenyewe. Wanafunzi 30 wakipungua kwa 12,000 za bei halisi kila mmoja, ni 360,000, mishahara ya walimu kadhaa. Kuchelewa kwa FAFSA ya 2024/25, iliyofunguliwa mwisho wa Desemba 2023 badala ya Oktoba, kuliviumiza vyuo vya namna hii kwa sababu familia hazikujua bei hadi msimu umepita.

Wizara huchapisha alama ya afya ya fedha kwa vyuo binafsi, kutoka -1.0 hadi 3.0. Kuanzia 1.5 ni sawa. Kati ya 1.0 na 1.4 chuo kiko chini ya uangalizi. Chini ya 1.0 hutakiwa kuweka dhamana. Isome kwa miaka mitatu. Tazama pia tovuti ya chombo kinachotoa ithibati: neno la onyo au la majaribio huandikwa wazi pale, pamoja na sababu.

Mlezi wa Kisauni

Mtu akiwa na nafasi ya barua pepe moja tu kwa chuo, aulize nini?

Krediti Sitini

Ndugu, aombe orodha ya vyuo vya miaka minne walikohamia wahitimu wa mwaka jana, na idadi kwa kila kimoja. Kisha aombe nakala ya makubaliano ya kuhamisha krediti na vyuo viwili vya juu kwenye orodha hiyo, kwa programu anayoitaka. Makubaliano ya kweli yana jedwali: somo la hapa upande mmoja, la kule upande wa pili, alama ya chini (kwa kawaida C), na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tarehe ikiwa imepita, aulize linafanywa upya lini.

Halafu aandikie chuo cha pili moja kwa moja, akiambatisha jedwali hilo, aulize ni krediti ngapi kati ya 60 zitaingia kwenye shahada yenyewe na ngapi zitaingia kama za hiari. Krediti ya hiari inahesabiwa kwenye karatasi lakini haipunguzi muhula. Uuguzi, uhandisi na biashara ndiko zinakokataliwa zaidi, hasa hesabu na sayansi zenye maabara. Ahifadhi pia mihtasari ya masomo yote kwa PDF tangu muhula wa kwanza, maana chuo kidogo kikifungwa, transkripti huhamishiwa kwingine lakini mihtasari hupotea.